Kabla Hujaifuta Windows: hotuba kwa wanaotaka kuhamia Linux nyumbani

Wakubwa zetu, shikamooni. Walimu, wenye maduka, mafundi na wanafunzi mliofika, hamjambo.

Leo tunaizungumzia kompyuta ya nyumbani, ile moja inayotumiwa na watu wanne: mtoto anafanyia kazi za shule, mama anaandikia hesabu za kikundi, baba anachapia barua, na jioni wote wanatazamia filamu. Kwa wengi wetu ni mashine iliyonunuliwa imeshatumika, iliyotoka kwenye ofisi za Ulaya au Marekani, kama HP EliteBook 840 G1 au Lenovo ThinkPad T450. Ni mashine imara. Kioo kizima, kibodi nzima, bawaba hazijalegea. Tatizo lake limekuja kutoka nje.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kwa waliojiandikisha ipo nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, nayo inakoma tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache. Kujua kizazi cha mashine yako ni rahisi: soma namba ya prosesa. i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8. Mashine nyingi zilizomo majumbani mwetu hazifiki hapo.

Mtaani dawa iliyozoeleka ni kupigiwa Windows ya kuchakachua na kuwekewa programu ya kuiamilisha. Tuliseme hili bila kuficha: programu ile hukuomba kwanza uzime antivirusi, halafu huendeshwa ikiwa na mamlaka yote juu ya mashine. Ikimaliza kazi huna namna ya kujua imeacha nini ndani. Na ni kwenye mashine hiyohiyo unapofungua akaunti ya benki na matokeo ya mtoto. Hatumshauri hivyo mtu yeyote, hata asiye na senti, kwa sababu njia halali isiyo na gharama ipo.

Njia hiyo ni Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows. Zipo aina nyingi, na wageni hupotezwa na wingi huo kabla hawajaanza, kwa hiyo tutaichukua moja: Linux Mint. Imekuwepo tangu mwaka 2006, imejengwa juu ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, na menyu yake iko chini kushoto pale pale ulipozoea. Matoleo ya familia ya 22 yataendelea kupata masasisho hadi mwaka 2029. Inahitaji RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 kwa uchache na GB 4 kwa raha, na diski ya GB 20 kwa uchache, ingawa GB 100 ndizo zinazopendekezwa. Inakuja kwa sura tatu. Mwenye RAM ya GB 8 achukue Cinnamon. Mwenye GB 4 achukue Xfce, ambayo ni nyepesi zaidi, na ajue kwamba kinachokula RAM siku hizi ni kivinjari kuliko mfumo wenyewe; ukifungua kurasa ishirini kwa mpigo, hakuna mfumo utakaokuokoa. Kisha hakikisha prosesa ni ya biti 64, maana Mint hii haina toleo la biti 32.

Linux huitwa programu huria, na watu husikia "huria" wakaelewa "bure". Bure ni sehemu ndogo tu. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza GNU, mradi wa kutengeneza mfumo huria, na mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, akatoa kiini cha Linux. Vitu hivyo viwili vikakutana chini ya leseni inayokupa haki ya kutumia, kusoma msimbo, kuubadilisha na kugawa nakala. Haki hizo zina matunda yanayoonekana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hakikuhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kusubiri kampuni ione kama soko letu lina faida. Na hilo jina Ubuntu, kwa wasiojua, ni neno la ndugu zetu wa kusini mwa Afrika lenye asili moja na neno letu "utu".

Kwa maisha ya bando, haki ya kugawa nakala ni fedha taslimu. Faili la Mint lina karibu GB 3. Mtu mmoja mtaani akilipakua, wengine wote wanalinakili kihalali kabisa, iwe nyumba kumi au shule nzima.

Sasa tuingie kwenye kazi, na hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa sababu kusakinisha kwenyewe huchukua kama nusu saa na kwa kawaida hakuna shida. Watu wanaoumia huwa wameumia kabla, kwa mambo ambayo hawakuyaangalia.

La kwanza, andika kwenye karatasi kila programu inayotumika nyumbani, na ulize kila mtumiaji, si mwenye mashine peke yake. Kivinjari, video, muziki, barua na picha havina tatizo. Firefox na LibreOffice vinakuja na mfumo, VLC na GIMP unaviongeza kwa kubonyeza. Lakini Photoshop, AutoCAD, Microsoft Office ya kusakinisha na QuickBooks ya mezani hazikutengenezewa Linux. Ipo programu inayoitwa Wine inayoendesha baadhi ya programu za Windows, ila usiitegemee kwa kitu kinachokulisha. Michezo mingine ya mtandaoni, Valorant kwa mfano, hukataa kabisa. Mwenye programu ya duka au ya uhasibu amuulize aliyemuuzia kama ina toleo la Linux au kama inafunguka ndani ya kivinjari. Jibu likiwa hapana, na programu hiyo ndiyo riziki, basi mashine hiyo ibaki na Windows pembeni, au isihame. Hakuna aibu katika hilo.

La pili ni nakala ya mafaili, na hapa ndipo machozi yanapotoka. Watu hunakili folda la Documents wakaridhika, kumbe picha zilikuwa kwenye Downloads, barua za Outlook ziko kwenye faili la PST lililojificha, na hesabu za duka ziko ndani ya folda la programu yenyewe. Kuna mtego mwingine wa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Faili lenye alama ya wingu halimo ndani ya diski; ni jina tu, mwili wake uko mtandaoni. Ukilinakili bila intaneti unabaki mikono mitupu. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Always keep on this device", subiri alama zote zigeuke kijani, ndipo unakili. Nywila na alamisho za kivinjari zitolewe kama faili au zisawazishwe kwenye akaunti.

Na unanakilia wapi? Sokoni kuna flashi zinazojitangaza kuwa na TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani zina GB chache, zimefundishwa kudanganya. Utanakili, zitapokea kila kitu bila kulalamika, na baadaye mafaili yote yaliyopita ukubwa wake halisi hayafunguki. Pima flashi au diski ya nje kwanza kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux. Inachosha, inaweza kuchukua saa kadhaa, lakini ifanyeni. Kisha nakala ikiwa tayari, chomeka kwenye mashine nyingine na ufungue mafaili kumi ya aina tofauti. Nakala ambayo haijafunguliwa kwingine usiihesabu.

La tatu, afya ya diski. Mashine ikiwa nzito sana, huenda kosa si la Windows. Pakua CrystalDiskInfo uangalie: ikiandika Caution au Bad, au ukiona mistari namba 05 na C5 (yaani 197) ina hesabu inayopanda, diski inakufa na Linux haitaifufua. Nunua SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 zinatosha nyumba ya kawaida. Kwa laptopu yenye diski ya kuzunguka, badiliko hili peke yake huleta wepesi kuliko badiliko la mfumo, na tunalisema ingawa tumekuja hapa kuhubiri Linux. Faida yake nyingine ni kwamba diski ya zamani, kama bado inasoma, unaiweka kabatini na Windows yake na mafaili yake yote. Ukiongeza na RAM, soma kibandiko: laptopu za kizazi cha 4 hutaka RAM ya aina ya DDR3L, ya volti 1.35. Ukichomeka DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, mara nyingi mashine haiwaki, na muuzaji atakuambia umeiunguza wewe.

La nne linawahusu wanaotaka kubakiza Windows na Linux pamoja. Kuna laptopu ambazo diski zake zimefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, bila mwenyewe kujua. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika manage-bde -status, usome. Kama imefungwa, chukua kwanza ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kutoka kwenye akaunti ya Microsoft, uuandike karatasini, ndipo uzime BitLocker na kusubiri imalize kufungua. Usipofanya hivyo, siku utakayogusa mipangilio ya kuwasha, Windows itakudai ufunguo huo na huna. Halafu andika powercfg /h off. Windows huwa haizimi kabisa ukiizima. Hulala nusu, na Linux ikikuta partisheni (sehemu ya diski) iliyolala nusu hukataa kuandika ndani yake. Mwisho, punguza partisheni ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa diskmgmt.msc, uachie nafasi tupu ya GB 60 au zaidi. Na fungua msinfo32 usome kama mashine inawaka kwa UEFI, namna mpya, au Legacy, namna ya zamani. Iandike, utaihitaji.

Hapo ndipo unatengeneza flashi. GB 8 zinatosha, na kila kilichomo kitafutwa. Pakua faili kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint, linuxmint.com, ukitumia torenti kama mtandao unakatikakatika, kwa sababu torenti huendelea ilipoishia. Kabla ya kulitumia, hakiki kwa kuandika ndani ya Command Prompt: certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Ile mistari ya herufi na namba ilingane na iliyoandikwa kwenye tovuti mpaka herufi ya mwisho. Faili lililokatika njiani huonekana zima, na kosa lake hujitokeza katikati ya kusakinisha, wakati diski imeshafutwa. Kisha fungua Rufus, programu ya kuandikia flashi, chagua flashi na faili, na kwa mashine ya UEFI chagua mpangilio wa diski wa GPT. Rufus ikiuliza, baki na namna ya ISO inayopendekezwa.

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwasha: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 au Esc kwa HP, Esc kwa Asus, F12 kwa Acer ila mara nyingi lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine. Ukiona flashi imeorodheshwa mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI, chagua inayolingana na ulichoandika kutoka msinfo32. Ukisakinisha kwa namna moja wakati Windows iko kwa namna nyingine, mifumo hiyo miwili haitaonana kwenye menyu. Kioo kikibaki cheusi, hasa kwenye mashine zenye kadi ya picha ya NVIDIA, rudia na uchague "Compatibility mode".

Sasa Mint imefunguka kutoka kwenye flashi na diski yako haijaguswa hata kidogo. Usikimbilie kusakinisha! Kaa hapo. Jaribu waifai, sauti, kamera, kupunguza mwanga wa kioo, kulaza na kuamsha laptopu, printa, modemu. Ikibidi, ishi na flashi siku mbili tatu. Itakuwa ya polepole kwa kuwa inasoma kutoka USB, usiihukumu kwa hilo. Waifai za Intel hukubali papo hapo. Zinazosumbua ni za Broadcom, zilizomo kwenye baadhi ya HP na Dell za zamani. Dawa yake ni simu: ichomeke kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Mint itaipokea kama waya wa mtandao. Kisha fungua Driver Manager, isakinishe draiva, programu inayoiwezesha waifai hiyo. Printa nyingi za HP hukubali zenyewe. Printa ndogo za Canon za leza za miaka ya nyuma ndizo za kuuliza kabla.

Kusakinisha hatutakuchelewesha. Chomeka chaja, na kama betri imekufa, usianze siku umeme unaporukaruka. Umeme ukikatika wakati partisheni zinapangwa, unaweza kupoteza kila kilichokuwa humo. Bonyeza ikoni ya kusakinisha, lugha, kibodi, ukubali vijenzi vya video na muziki. Ukifika kwenye swali la diski, simama usome mara mbili. "Erase disk and install Linux Mint" hufuta diski nzima, ikiwemo ile partisheni ya D ambayo wengi hudhani iko salama kwa kuwa "si Windows". "Install Linux Mint alongside" huweka mifumo miwili. Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, kwa kawaida diski imewekwa ndani ya BIOS kwa namna ya RAID au Intel RST, jambo la kawaida kwenye Dell. Ibadilishe iwe AHCI kama Windows inafutwa. Kama Windows inabaki, usibadilishe kwa pupa, kwa sababu itagoma kuwaka mpaka iandaliwe kwa kuwashwa kwanza katika Safe Mode.

Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine, inaweza kubaki imewashwa. Ila ukiongeza draiva ya NVIDIA au Broadcom, utaombwa nywila fupi, na ukiwasha upya kitatokea kioo cha bluu kwa sekunde chache. Chagua "Enroll MOK" uandike nywila ile. Wengi hukipita kioo hicho, kisha hulalamika draiva haifanyi kazi.

Siku ya kwanza fanya masasisho kutoka Update Manager. Yakikatizwa na umeme, mfumo unaweza kugoma kusakinisha kitu kingine. Fungua Terminal, dirisha la amri la Linux, uandike sudo dpkg --configure -a, itaendelea ilipoachia. Washa Timeshift ili upate picha za mfumo za kurudi nyuma, lakini muelewe kwamba Timeshift hulinda mfumo tu. Picha za harusi na barua za kikundi hazimo. Nakala zake ni kazi yako kama zamani. Na amri yoyote inayoanza na sudo, neno linaloipa mamlaka yote juu ya mashine, uliyoikuta mtandaoni, usiibandike kabla hujaelewa kila neno lake.

Barua za Word zitafunguka kwenye LibreOffice, ila mistari huweza kuhama ukurasa. Chanzo mara nyingi ni fonti. Carlito ina vipimo sawa na Calibri, na Caladea sawa na Cambria, hakikisha zimo. Kwa Times New Roman na Arial sakinisha ttf-mscorefonts-installer. Mtu unayemtumia barua ya kusoma tu, mpe PDF. Lahajedwali zenye makro nzito zijaribiwe moja moja, nyingine hazitafanya kazi. Faraja ni kwamba LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na mwanafunzi anayeandika insha aiwashe.

Wenye mifumo miwili watashangaa saa. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa wakati wa Greenwich, Windows huisoma kama saa ya hapa. Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo saa kumi jioni Windows itakuonyesha saa saba mchana. Andika kwenye Terminal ya Linux timedatectl set-local-rtc 1, tatizo limekwisha.

Na flashi zinazorudi kutoka kwenye maduka ya kuchapisha, zile ambazo mafolda yote yamegeuka njia za mkato? Kwenye Mint vile virusi vya Windows haviendeshwi, na mafolda halisi yaliyofichwa huonekana wazi. Nakili yaliyo yako, ifomati flashi, basi. Mtu akikuletea flashi ya namna hiyo kutoka nyumba ya jirani, msaidie.

Hapa mezani kuna flashi tano za Cinnamon na tano za Xfce, zote zimehakikiwa kwa SHA256. Waliokuja na laptopu wachukue moja, wawashe, wajaribu waifai na sauti, na leo tusisakinishe kwenye mashine yoyote ambayo mwenyewe hajaleta nakala ya mafaili yake. Wenye Acer wapite upande huu wa dirisha, tuanze na BIOS.